Zamu ya Magoti

"Kushoto," alisema Bi Namkunda, na mguu wa kushoto wa Nanzia ukainuka.

"Kulia."

Mguu wa kulia ukafuata, ukatua kwenye udongo wa ua huku vidole vikitazama nje.

"Bibi, mbona unanitembeza kama bata?"

"Ndivyo nilivyo tangu utoto, ila hukuwahi kuniangalia. Jana ulikuwa na Katibu Anaeli, ukapita pale njiani umetanua magoti kama mtu anayekimbiza mbuzi, wala hukulalamika. Kulia tena. Kaza magongo."

Nanzia akacheka, akakaza mikono. Walikuwa wanatoka chooni kurudi barazani, wanawake wawili bega kwa bega, kila mmoja amefunga kiunoni mkanda mweusi wenye upana wa kiganja. Mkanda wa Bi Namkunda ulisoma amri zilizoteremka mgongoni mwake kwenda miguuni. Mkanda wa Nanzia ulizipokea amri hizo na kuzipitisha kwenye uzi mwembamba ambao madaktari waliulaza kando ya uti wake wa mgongo, uzi ulioanzia juu ya pale palipovunjika na kuishia chini yake. Bibi akipiga hatua, Nanzia alipiga hatua. Bibi akisimama kukohoa, Nanzia alisimama naye, apende asipende. Wakiachana zaidi ya umbali wa kuitana, mikanda ilinyamaza, na miguu ya Nanzia ikarudi kuwa mizigo miwili anayoipanga kwa mikono yake mwenyewe.

Kabla ya hapo alikuwa fundi wa nyavu za ukungu. Juu kabisa ya kijiji cha Ngulweni, kwenye kilele cha milima ya Upare, nyavu hizo zilitandazwa kwenye milingoti mirefu. Ukungu ulipopita uliacha maji yake pale, maji yakashuka kwa bomba hadi kwenye ndiva, bwawa la udongo ambalo wazee wa wazee walilichimba, na kutoka kwenye ndiva yakaenda mashambani kwa zamu. Nanzia alipanda milingoti ile kama mtu anayepanda kitandani kwake. Mvua za vuli zilizopita, kamba ya usalama ikakatika.

Walifika barazani. Bi Namkunda alimsaidia kukaa, akamwekea mto chini ya makalio na kumsogeza upande, maana ngozi isiyosikia hupata vidonda bila kusema. Kisha akauinua mfuko wa mpira wa mkojo na kwenda kuumwaga nyuma ya nyumba, akiimba kwa sauti kubwa njia nzima. Nanzia alijua kwa nini anaimba. Aliimba ili wapita njia wamtazame mwimbaji wasiutazame mfuko.

Aliporudi akaketi kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akaegemea ukuta. Mkanda hakuuvua. Wengine wote waliomwazima Nanzia mwendo wao walivua mkanda mara tu zamu ilipoisha, wakasugua viuno, wakaenda zao. Bi Namkunda alibaki nao, akapiga soga kuhusu kuku wake na mkwewe na unga wa siku hizi, halafu katikati ya neno akasinzia, akaanza kukoroma.

Hapo ndipo kilipokuja.

Kilikuja kama kilivyokuja kwenye zamu za Bibi zilizopita, polepole, joto dogo ndani ya goti la kulia. Halafu likawa si joto tena, likawa maumivu ya kweli, yenye meno. Nanzia alifumba macho, akashika pumzi. Tangu aanguke, chini ya kitovu chake palikuwa kimya kama chumba kilichofungwa mwenyewe akasafiri. Sasa ndani ya chumba kile mtu alikuwa anasogeza viti.

Hakumwambia yeyote. Aliogopa akilitaja litakimbia.

*

Alasiri moja Katibu Anaeli alikuja amevaa koti lake la kanisani, na hiyo peke yake ilimtia Mbazi wasiwasi. Mbazi, mume wa Nanzia, alikuwa anachambua mboga. Siku hizi alichambua yeye, alipika yeye, alifua yeye, na vyote alivifanya kwa upole uliomchosha mkewe kuliko kiti mwendo.

Katibu alikaa. Akauliza habari za Niwaeli, binti yao aliyekuwa shule ya bweni. Akauliza habari za kuku. Akanywa chai. Mwishowe akaweka kikombe chini.

"Mama Niwa, nimetumwa na kamati ya ndiva."

"Nyavu zimechanika?"

"Hapana. Ni jambo la zamu." Akajikuna shingo. "Unakumbuka Dakta Tumsifu alipoileta hii mikanda. Alitaka mtu mmoja afundishwe, awe anatembea nawe kila siku. Sisi tukaona mtu mmoja ataelemewa, tukaipeleka kwenye kamati. Kamati ikakugawia mwendo kama inavyogawa maji. Kila nyumba na siku yake."

"Nakumbuka, na nashukuru sana, Katibu."

"Sasa, mwendo wako umeingia kwenye kanuni za maji." Alisema haraka, kama anayemeza dawa chungu. "Na kanuni inasema kila mwenye zamu ana kazi. Msaragambo wa kijiji kizima kuzoa tope kwenye ndiva umekaribia. Jina lako litasomwa. Usipofanya kazi, zamu inasimama. Wajumbe wametazamana pale, hakuna aliyependa kulisema, ila hakuna aliyejua namna ya kulipita. Nikatumwa mimi."

Mbazi alisimama na mchicha mkononi.

"Mnataka mtu asiyeweza kusimama azoe tope?"

"Kanuni haisemi kuzoa. Inasema kazi."

"Anaeli! Wewe una akili timamu? Umevaa koti ukaja nyumbani kwangu kumdai kazi mgonjwa?"

Kelele ya ajabu ikawakatiza. Wote wawili waligeuka. Nanzia alikuwa anacheka, amejishika mbavu, machozi yanamtoka, kicheko kile cha zamani cha mlingotini ambacho watu wa bondeni walikisikia wakajua fundi yuko kazini.

"Katibu," alisema alipoweza kusema, "soma jina langu. Nitakuwepo."

Anaeli alipoondoka, Mbazi alirudi kwenye mboga zake, akachambua kwa hasira. Nanzia akamtazama mgongo.

"Baba Niwa, umekasirika?"

"Sijakasirika nawe."

"Ndiyo shida yenyewe. Tangu nianguke hujanigombeza hata siku moja. Niliunguza shuka kwa pasi, ukasema pole. Nilikutukania mama yako, ukaniletea maji ya kunywa. Zamani ungebamiza mlango mpaka bawaba zilie. Yule Katibu na koti lake amenidai kazi, Mbazi. Kila anayeingia hapa ananiuliza nataka nini. Yeye ameuliza nitatoa nini."

Nanzia aliona mabega ya mumewe yameshuka, akamwonea huruma, na kwa huruma ile akamtolea siri aliyokuwa ameificha.

"Tena huenda nitafanya kazi kwa miguu yangu mwenyewe. Goti linauma. La kulia. Linauma kweli, baba Niwa."

Mchicha ukaanguka sakafuni. Mbazi alipiga magoti mbele yake, akaweka paji la uso kwenye goti lile ambalo halikumsikia, akalia kama mtoto. Kisha akakimbilia simu kumwita Dakta Tumsifu.

*

Dakta Tumsifu alikuwa mtaalamu wa viungo katika hospitali ya mjini, mwanamke mfupi, mchangamfu, mwenye mikono ya joto. Alimpima Nanzia bila mkanda, kwa sindano, kwa maji baridi, kwa unyoya. Hakuna kitu. Alimfunga mkanda peke yake. Hakuna kitu.

"Linauma wakati gani hasa?"

"Mchana, baada ya zamu ya Bi Namkunda. Nikiwa nimekaa."

"Peke yako?"

"Na yeye. Huwa amelala."

Mikono ya Dakta ikasimama. Alimwomba Bi Namkunda, aliyekuwa amekuja na bakuli la mbaazi kusherehekea, afunge mkanda na kukaa jikoni kwenye kigoda. Dakta akamfuata, Mbazi akabaki na mkewe. Mlango ukarudishwa. Baada ya muda Nanzia akaguta.

"Limekuja!"

"Wapi?" Sauti ya Dakta ilitokea jikoni.

"Goti la kulia. Upande wa ndani."

"Na sasa?"

"La kushoto. Chini kidogo. Sasa... sasa umelibonyeza."

Mbazi alikuwa wa kwanza kuelewa, maana yeye aliuona mlango umefungwa na mkewe hakuna anayemgusa. Akatazama sakafu.

Dakta Tumsifu aliporudi hakusimama juu yake kama madaktari wanavyosimama. Alikaa chini kwenye mkeka, macho yake yakawa sawa na macho ya Nanzia, akamshika mkono.

"Dada yangu, si goti lako."

Alieleza polepole. Mkanda una njia mbili. Moja inateremsha mwendo kutoka kwa anayeazima kwenda kwa anayeazimwa. Nyingine ni nyembamba, ya kurudi, ili kila mmoja ajue mwenzake amekaaje na wasiangushane. Watu wakitembea, njia ya pili inabeba mizani tu. Wakiketi wametulia, mwendo hakuna, na njia ile hubaki wazi kama mfereji kati ya mabwawa mawili. Penye maji mengi hupungua, penye machache hujaa. Magoti ya Bi Namkunda yana maumivu mengi ya uzee. Miguu ya Nanzia ina kimya kingi.

"Maumivu yake yanakuja kwako, na kimya chako kinakwenda kwake. Hatukulijua hili. Kule mjini anayeazima mwendo huvua mkanda kazi ikiisha. Hakuna aliyewahi kukaa nao akapiga soga."

Mlangoni paligongwa na kitu kizito. Bi Namkunda alikuwa amesimama pale, ameshika fremu, mkanda ameung'oa kiunoni na kuutupa.

"Mimi nilidhani ni baraka," alisema. "Nilidhani Mungu ananipumzisha kwa sababu ninamhudumia mgonjwa. Nililala, Nanzia! Miaka sikulala vile. Kumbe nilikuwa nakumwagia wewe. Wewe, uliyevunjika!"

Akatoka. Walimsikia akishuka ngazi za baraza moja moja, na kila ngazi aliguna.

Dakta alijifuta uso. "Nitaifunga ile njia. Utaratibu wetu uko wazi, maumivu ya mtu hayawekwi juu ya mgonjwa. Kifaa cha kuifungia kiko hospitali. Nitarudi nacho siku ya msaragambo wenu, nina wagonjwa wengine upande huu."

Nanzia aliitikia kwa kichwa. Hakuwa anasikiliza. Alikuwa anaagana na goti.

*

Akaugeukia ukuta. Watu walikuja na zamu zao wakaambiwa amelala. Waliacha walivyokuja navyo: ndizi, chupa ya chai, khanga iliyopigwa pasi. Mmoja wao, hawakumjua ni nani, alisawazisha njia ya kutoka barazani mpaka choo na kuokota kila jiwe, akaondoka bila kubisha hodi. Nanzia aliyaona yote haya kwa mbali, kama mambo ya nyumba nyingine.

Alilia kwa ajili ya miguu yake kama alivyotakiwa kulia pale mwanzo, wakati kila mtu alikuwa anamwambia ajikaze. Safari hii Mbazi hakumwambia kitu. Alilala nyuma yake, mkono juu ya bega, mahali anaposikia.

Asubuhi moja, kilio kilipokwisha maji, Nanzia akauliza, "Bi Namkunda amekuja?"

"Hajaja tangu siku ile."

"Nipeleke kwake."

"Kule mlimani? Kiti hakitapanda."

"Kitapanda. Sukuma."

Kilipanda kwa shida. Mahali pengine Mbazi alilazimika kukigeuza na kukivuta kinyumenyume, akihema. Walipofika, mlango ulikuwa wazi. Bi Namkunda alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko, na alitaka kuufikia mtungi upande wa pili. Hakusimama. Alikiburuta kigoda chini yake kidogo kidogo, kama mtu anayepiga makasia nchi kavu. Aliinua kichwa akawaona.

"Rudini," alisema. "Nitakuja siku nyingine niwe nimevaa vizuri."

Mbazi alichukua kata, akamjazia maji, akatoka nje kutazama mahindi ambayo hayakuhitaji kutazamwa. Nanzia aliuona wema huo, akauweka moyoni.

"Bibi, Dakta anakuja kuifunga njia siku ya msaragambo. Nataka asiifunge."

"Aifunge! Aipige na misumari."

"Nisikilize. Hiki kimya cha miguu yangu, kwangu ni msiba. Kila nikiamka ni msiba. Kumbe kwako ni usingizi. Sina kingine ninachoweza kumpa mtu akalala, Bibi. Katibu amenidai kazi. Hii ndiyo kazi niliyo nayo."

Bi Namkunda alimtazama, si kwa upole.

"Sema ukweli wako wote. Unataka kunisaidia mimi, au unataka kukaa ukijidanganya kwamba una magoti?"

Swali lile lilimpiga mahali pabichi. Nanzia alitazama mikono yake, ile mikono iliyokuwa na sugu za kamba na sasa ina sugu za magurudumu.

"Yote mawili," alisema. "Nimejaribu kuyatenganisha usiku na mchana, nimeshindwa. Ninajua si yangu. Lakini yakiuma, najua bado kuna mahali panapoitwa goti. Na wewe unalala. Sasa mimi nifanyeje, nichague lipi niwe mtu mwema?"

"Mh." Bi Namkunda alisukuma kuni ndani. "Na mimi je? Nikizoea? Siku utakayosema umechoka, magoti haya yatanirudia na hasira zao zote. Tena nikisikia umeguna usiku nitajua ni mimi nimekuuma. Huo usingizi utakuwa na ladha gani?"

"Si usiku. Mchana tu, tumekaa. Na asiyetaka anavua mkanda, haelezi sababu, hanuniwi. Kama lango la ndiva. Linafunguliwa, linafungwa."

"Na mimi nisipoguswa na maumivu nikanyanyuka nikacheza ngoma, nikavunja hilo goti kabisa?"

"Nitakushika sketi."

Bi Namkunda alicheka kabla hajajizuia. Halafu akajikaza tena.

"Sitaki kukuonea, mwanangu."

"Mwaka huu wote hakuna aliyethubutu kunionea," alisema Nanzia. "Nimechoka, Bibi. Nionee kidogo."

*

Baragumu lililia asubuhi na mapema, na Ngulweni yote ikateremka kwenye ndiva na majembe na makarai. Bwawa lilikuwa limefunguliwa likakauka, tope jeusi linang'aa chini. Watu walipanga mstari kutoka katikati ya tope mpaka ukingoni, wa kupokezana makarai.

Katibu Anaeli alisimama juu ya jiwe, akasoma majina ya watu, kama baba yake alivyofanya.

"Nanzia, mke wa Mbazi!"

"Nipo!"

Vichwa vikageuka. Alikuwa ukingoni kwenye kiti mwendo chake, chini ya mwavuli, amefunga mkanda juu ya khanga. Kando yake Bi Namkunda alikaa kwenye kikapu kilichofudikizwa, na yeye amefunga wa kwake, anatazama pembeni kama mtu aliyekutwa jikoni kwa watu. Zamani yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo za msaragambo. Tangu magoti yamshinde hakushuka tena ndivani, na nyimbo zilianzishwa na yeyote, zikaenda ovyo, makarai yakagongana.

Dakta Tumsifu alifika na mkoba wake, viatu mkononi. Nanzia alimweleza. Dakta alitikisa kichwa tangu neno la kwanza.

"Siwezi. Wewe ni mgonjwa wangu. Ukiumia, ukashuka moyo kwa sababu ya maumivu ya mtu mwingine, nitajibu nini?"

"Nilipoanguka, Dakta, uliniambia nitafute kitu cha kufanya. Ukaniletea uzi na sindano nifume vitambaa. Mimi ni fundi wa milingoti. Nimekipata changu, na chenyewe kinauma, kama milingoti ilivyouma mikono."

"Dakta," aliingilia Katibu kwa heshima, kofia mkononi, "ukilifunga hilo lango utakuwa umemnyima zamu nani? Huyu ya kupewa, au huyu ya kutoa? Maana kwetu hatumfungii mtu lango bila yeye mwenyewe kuwepo kikaoni, na naona wote wawili wapo."

Dakta Tumsifu aliwatazama, mmoja baada ya mwingine. Akachuchumaa mbele ya Nanzia, macho kwa macho, kama siku ile.

"Niambie peke yangu. Ukiyasikia, unaumia moyo?"

"Naumia," alisema Nanzia. "Pale mwanzo kidogo, nikikumbuka si yangu. Halafu namsikia Bibi anavyopumua, inapita."

Dakta alikaa hivyo, kifaa mkononi. Alikuwa mtu mwaminifu, na ilionekana usoni kwamba hakuwa na hakika. Mwishowe aliufungua mkanda wa Nanzia ubavuni, akafanya kazi kwa muda na koleo ndogo. Hakuifunga njia. Aliweka kitasa kidogo cha kuzungusha, mahali ambapo kidole gumba cha Nanzia kinafika chenyewe.

"Wa kufungua ni wewe. Wa kufunga ni wewe. Na wewe mama ukivua wako, yamekwisha. Nitakuja kila mwezi kuwauliza maswali ya kuwaudhi, na mkinidanganya nitajua."

"Tutakuudhi na sisi," alisema Bi Namkunda.

Nanzia alizungusha kitasa.

Yalikuja polepole kama kawaida yake, goti la kulia kwanza. Alijua sasa yanakotoka, akayajua kama unavyomjua mgeni kwa hatua zake kabla hajabisha hodi. Yakaingia. Akayasogezea nafasi. Kando yake Bi Namkunda alishusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, ile mikunjo ya kinywa aliyoibeba miaka yote ikafunguka mmoja mmoja. Kisha akainua kidevu, akaanzisha wimbo.

Sauti ilikuwa na kutu mwanzoni. Kwenye kiitikio ikapata njia. Mstari mzima ukaisikia, mikono ikaishika, na karai la kwanza likapanda kutoka kwenye tope, mkono hadi mkono, kwa mapigo ya wimbo, bila kugongana. Likafuata la pili. Wazee waliacha kuzungumza. Mtu mmoja chini alipiga mwano wa shangwe.

Bi Namkunda alitaka kunyanyuka acheze. Nanzia akamshika sketi, akamkalisha.

Jua lilipanda. Maumivu yalikuwa mengi, si uongo, na Nanzia aliyabeba kwa zamu na pumzi, akitazama maji meusi yakijitenga na udongo, akisikiliza. Alifumba macho kidogo ili asikie vizuri.

"Wewe, Mama Niwa!"

Alishtuka. Mbazi alikuwa katikati ya ndiva, tope mpaka mapajani, karai kichwani, uso umekunjamana kama zamani.

"Unasinzia? Sisi tunavunjika migongo huku wewe unasinzia chini ya mwavuli! Zamu yako imeisha?"

Mstari wote ukanyamaza. Mtu fulani akasema, "Mbazi, jamani." Mbazi mwenyewe alionekana ameshtushwa na kinywa chake.

Nanzia alijiweka sawa kwenye kiti. Kitu kikubwa na chenye joto kilimjaa kifuani, mahali ambapo hakuhitaji mkanda wa mtu yeyote kukisikia. Akaweka mikono mdomoni, akapaza sauti ile ya mlingotini iliyofika mpaka bondeni.

"Zoa tope lako, mwanaume! Usinisumbue, niko kazini!"